Kuota na Kuotea

Kiharusi kilipompiga mama yangu kilimwachia maneno matatu: "wewe", "hapana" na "ota". Mengine yote kiliondoka nayo, pamoja na mkono wa kulia na mguu wa kulia. Kwa mwanamke aliyekuwa akizungumza mpaka na magugu ya shambani, hiyo ilikuwa hasara kubwa. "Wewe" likawa jina langu. "Hapana" likawa jibu la uji. "Ota" lilikuwa neno la asubuhi, na ndilo lililotugombanisha mimi na yeye kwa muda mrefu.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa tambarare. Nilikaa Same mjini, chumba kimoja chenye godoro, jiko la gesi na mabegi ya kamera, na kazi yangu ilikuwa kuwaendesha wageni ndani ya hifadhi ya Mkomazi wakaone wanyama. Watu wa kwetu Vudee, juu ya milima ya Upare, hawakuielewa kazi hiyo. Mwanamke kuendesha gari porini walikubali, dunia imebadilika. Kilichowashinda ni picha. "Unampiga swala picha, halafu?" aliniuliza mjomba wangu mmoja tukiwa msibani. Nikamwambia halafu basi, namwacha aende zake. Alinitazama kwa huruma, akahamia kwenye benchi jingine.

Lakini furaha yenyewe iko hapo hapo kwenye "halafu basi". Unazima injini, unaacha vumbi likupite, unakaa. Mwanzoni pori lote linajua kwamba upo, na linakununia. Ukikaa vya kutosha linakusahau. Ndipo swala twiga anapojitokeza kwenye migunga, anasimama kwa miguu ya nyuma kama mtoto anayetafuta sukari kabatini, anachuma majani ya juu kwa midomo yake membamba, na wewe hata pumzi unaihifadhi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi, na kila mara nimetamani kupiga vigelegele. Sijawahi, maana angekimbia.

Picha za swala huyo ndizo zilizonipeleka Ufini. Kulikuwa na mgeni wangu, mama wa makamo, ambaye kwao ana kibanda cha mbao katikati ya msitu. Watu hujifungia humo kuwasubiri dubu. Alipoziona picha hizo alinialika nikamsaidie kiangazi kimoja. Koti nililinunua mtumbani, gulio la Hedaru, zito, la kijani, lenye vifungo vya mbao, na naamini kabisa lilikuwa limetoka huko huko Ulaya. Nililirudisha kwao likiwa limenibeba mimi. Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo kuliko choo cha shule. Kina kiti, ndoo na tundu la kupitishia lenzi. Unaingia alasiri, unafungiwa, na hutoki mpaka asubuhi. Hukohoi. Ukitaka kujikuna unajikuna polepole kama unayeiba. Dubu alipotokeza nyuma ya miti, mkubwa, kimya, akinusa hewa kana kwamba alikuwa akitafuta jina langu, machozi yalinitoka, na sikuwahi kujisikia huru kama nilivyojisikia ndani ya lile sanduku. Nilipiga picha nyingi zilizotikisika na chache nzuri.

Niliporudi nilimwonyesha mama. Alimtazama dubu kwa makini, akauliza kama anakula kuku. Nikamweleza habari za kibanda cha kuotea, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani mtu mzima anapanda ndege kwenda kuotea! Huku kwetu anayeotea ni mwizi au mwindaji. Wewe ni yupi, mwanangu?"

Tangu siku hiyo, mtu akimuuliza binti yake anafanya kazi gani siku hizi, alijibu kwa neno moja: "Anaotea." Alilisema kwa dharau iliyojaa majivuno, kama mtu anayelalamika kwamba ng'ombe wake wana maziwa mengi mno.

Kiharusi kilimkuta anachambua maharage. Kaka yangu alipanda kutoka Dar, akakaa siku mbili, akaitisha kikao cha familia, na kikao kikawa kifupi. "Mimi nina kazi, watoto wako shule," alisema. "Wewe huna mume, huna ofisi. Na wanyama hawaendi popote, utawakuta." Wanyama wanakwenda, hiyo ndiyo tabia yao kuu, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilifunga chumba changu cha Same, nikapanda mlimani na mabegi yangu. Nilidhani nitakaa majuma machache mpaka mama apate nafuu.

Wahenga walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Tundu langu lilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, migomba nyuma, kahawa kidogo pembeni na ua wa isale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mipaka, kuzunguka kiwanja. Humo nilimgeuza mama, nikamwosha, nikamlisha, nikafua, nikapasua kuni, nikalisha kuku, nikaanza tena. Tulimwajiri msichana wa kazi. Mama alimtemea uji, na msichana akashuka na gari la asubuhi bila kuaga. Begi la kamera nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Betri ilijifia yenyewe humo ndani.

Kilichoniumiza zaidi ni ule ukingo wa shamba. Ukisimama pale, tambarare yote iko chini ya miguu yako: reli, barabara kuu, vumbi jeupe la jasi kule Makanya, mabasi na malori madogo kama mchwa, na mbali zaidi vumbi jingine, jekundu, la ng'ombe wa Wamasai wakienda majini. Kila kitu kule chini kinatembea. Mwanzoni nilikuwa nikienda pale jioni kupunga upepo. Baadaye niliacha, kwa sababu nilikuwa nikirudi ndani na hasira, na hasira hiyo ilimwangukia mtu asiyeweza kunijibu.

Na asubuhi ilikuwa ni "ota".

Nilielewa mara moja, au ndivyo nilivyojidai. Wazee wa mlimani huota jua. Baridi ya kwetu ikishika, kila nyumba utamkuta bibi kwenye kiti amejifunga khanga, anaota jua mpaka mifupa ikubali. Basi nilimnyanyua mama kitandani, nikamburuta kwa mikono yangu miwili mpaka uani, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki akiangalia jua. Yeye akageuza kichwa upande wa nyuma, kwenye banda la kuku, penye kivuli na unyevu. "Hapana," alisema. "Ota." Nikasogeza kiti kulifuata jua. "Hapana!" Mkono wake mzima uliupiga mkono wa kiti. "Ota! Ota!" Halafu akalia, kile kilio cha upande mmoja wa uso, nami nikasimama pale nimelowa jasho, nikiwaza kwamba hata akili sasa imeondoka.

Ikawa hivyo kila siku. Mvua za masika zilipoanza, na ukungu ukawa unashuka mpaka huoni choo kilipo, bado aliamka na lile lile neno lake.

"Jua liko wapi, Mama?" nilimfokea. "Nionyeshe jua ulipoliweka, nikupeleke!"

"Wewe," alinijibu, akinitazama kwa jicho ambalo nililijua tangu utotoni. Ni jicho la kumwambia mtoto kwamba ni mjinga.

Hapa lazima niseme habari za jirani, na kesi ya kuku.

Upande wa pili wa ua wa isale anakaa mama mmoja mjane. Yeye na mama yangu waliolewa Vudee karibu wakati mmoja, wakalima pamoja, wakaimba sauti ya pili kwenye kwaya moja ya Kilutheri, na mume wa yule mama alipopigwa na kiharusi, ni yeye aliyemuuguza mpaka mwisho. Hakuna mtu mlima mzima aliyejua kazi ile kuliko yeye. Lakini mwaka mmoja kabla mama hajaanguka, kuku wake aliyekuwa akiatamia alitoweka, yakabaki manyoya kando ya ua, na mama akatamka kwamba ni mbwa wa jirani. Jirani akasema mbwa wake hali kuku, anakula makande kama watu wengine. Maneno yakapanda. Mama akaenda baraza la kata.

Watani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa tunakasirika wakisema hivyo, kisha tunaenda barazani. Mama alikwenda amevaa vitenge vyake vya Krismasi. Mbele ya wajumbe wote aliapa kwamba mguu wa yule mwanamke usivuke ua wake mpaka kesi iishe. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha mlalamikaji akapoteza ulimi. Jirani naye ni Mpare. Nikimwamkia "Shikamoo, mama" juu ya ua, aliitikia "Marahaba, mwanangu, mama anaendeleaje?" na macho yake yalionyesha kwamba anataka kweli kujua. Lakini mguu hakuvusha. Wachaga, ukiwapelekea jani la isale kuomba radhi, mambo yamekwisha. Kwetu jani ni jani, lete ushahidi.

Katikati ya masika hayo ulikuja ujumbe kutoka Ufini. Yule mama mwenye kibanda alisema miguu yake siku hizi inamsumbua, theluji inayeyuka, wageni wataanza kuja, na hajapata mtu anayejua kukaa kimya kama mimi. Nikitaka, nafasi ni yangu kiangazi chote, na baadaye kila mwaka. Alitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Niliusikiliza ujumbe huo jikoni, nikausikiliza tena, kisha nikakaa juu ya gunia la mahindi na kulia kama mtu aliyefiwa.

Nilimpigia kaka yangu. Nyumba yetu haina dari. Ukisema sebuleni unasikika vyumba vyote, ila wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuishi kama vile mama hasikii.

"Tafuteni mtu," kaka alisema.

"Mtu gani? Mtu yupo mmoja tu, na yuko hapo nyuma ya ua! Angekuja yeye ningeondoka kesho. Lakini hawezi kuja kwa sababu ya kuku! Nitazeekea humu ndani kwa sababu ya kuku mmoja!"

Kaka akasema kwamba lugha hiyo si nzuri. Nikakata simu.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na ukungu mzito na manyunyu. Mama aliamka mapema kuliko kawaida. "Ota," alisema. Nilimgeuza. "Wewe. Ota." Aliushika mkono wangu kwa mkono wake mzima, akaubana mpaka kucha zikaingia. Nilikuwa sina tena uvumilivu hata wa kufokea. Nikambeba, nikapita uani, nikaenda moja kwa moja nyuma kwenye banda la kuku, kwenye tope na kivuli, nikambwaga kwenye kiti mahali pale pale alipokuwa akipatazama siku zote.

"Haya, kaa huko huko. Ota ukungu."

Nikaenda jikoni kuwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanijaa machoni, nikatoka mlangoni kuvuta pumzi na kusubiri sauti ya "hapana". Haikuja. Mama alikuwa amekaa. Hakuwa anaota chochote. Alikuwa amejivuta kwenye kiti, kidevu kimeshuka kidogo, mkono mzima umelala juu ya ule uliokufa ili usimtoroke, na pumzi yake ilikuwa ndefu, ya chini, haionekani kifuani. Macho peke yake ndiyo yaliyotembea: kwenye ua, kwenye banda, kwenye ua tena. Kifaranga kimoja kilipita juu ya mguu wake na hakuutikisa.

Ukaaji ule ninaujua. Nimewafundisha wageni kuukaa na wengi wameshindwa.

Kitu chembamba cha rangi ya kahawia kikapita chini ya isale, kikasimama, kikanusa, kikapotea. Kuku wakapiga kelele. Mama hakushtuka. Alinigeuzia uso polepole sana, jinsi anavyogeuka mtu asiyetaka kuonekana na mnyama, akainua kidole cha mkono wake mzima mpaka karibu na jicho, akakikunja mara moja. Kama mtu anayebonyeza.

"Ota," alisema kwa mnong'ono. "Ota."

Kuotea. Mungu wangu, alikuwa akisema kuotea. Ulimi ulikuwa unamkatikia njiani, na mimi, ambaye neno hilo ndilo kazi yangu, ndiyo kodi yangu ya nyumba, nilikuwa miezi yote hiyo nimemkalisha juani kama mtama.

Nilipiga magoti kwenye tope. "Kuna mwizi wa kuku, Mama? Umemwona?" Kitanda chake nilikuwa nimekisogeza dirishani ili apate mwanga, na dirisha lile linatazama banda. Amelala pale siku nenda siku rudi akimtazama mwizi wake anaingia na kutoka, na hana neno la kumwitia. "Si mbwa?"

"Hapana," alisema, na uso wake wote, hata ule upande uliolala, ulitaka kucheka. "Hapana, hapana, hapana."

Nilichaji betri kwa jirani wa juu mwenye sola nzuri, maana umeme wetu ulikuwa umekatika kwa mvua. Nilishona magunia mawili ya mahindi, nikayatundika kwenye kamba kati ya mgomba na ukuta wa jiko, nikatoboa tundu la lenzi. Humo nikaweka kiti cha mama na kigoda changu. Kibanda chetu kikawa kidogo kuliko kile cha Ufini, na kilinuka kuku.

Tulikaa humo asubuhi kadhaa, bega kwa bega, chini ya blanketi moja. Sijui niieleze vipi furaha ile bila kuonekana kwamba nayasahau yale mengine. Uji ulikuwa bado unatemwa chini, shuka zilikuwa bado za kufua, na jibu la Ufini nilikuwa bado sijalituma. Lakini ndani ya magunia yale ukungu ulikuwa unapita mbele ya tundu, na vitu vikaanza kutusahau. Shorobo, yule ndege wa kijani wa msituni, alikuja kwenye mparachichi, akafungua mbawa, ule wekundu wake ukawaka mara moja na kuzimika. Hondohondo wawili walipita na kelele zao za kugombana kama watu wa harusi. Kima mmoja alishuka kuiba ndizi, akatazama magunia yetu kwa muda, akaamua kwamba sisi si kitu. Nilimwonyesha mama kila picha kwenye kioo cha kamera, naye aliitazama kwa makini yale yale aliyomtazamia dubu. Nusu ya mwili wake ilikuwa tayari haitikisiki. Nusu nyingine aliitiisha mwenyewe. Sijapata kukaa na mwoteaji hodari kama yeye.

Nilianza kuamka kabla hajaniita.

Nguchiro alikuja asubuhi ambayo mvua ilikuwa imekatika. Mwembamba, mrefu, mkia wenye ncha nyeusi ameuinua nyuma yake. Hakuwa na haraka hata kidogo, alikuwa kama mtu aliyezoea duka. Alipita kwenye pengo la ua, akazunguka banda, akajilaza. Kuku mama alikuwa na vifaranga wake karibu na maganda ya ndizi. Niliona kitakachotokea na mguu wangu ukajikaza ili nisimame nimfukuze.

Mkono wa mama ulianguka juu ya goti langu, ukanibana chini.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua ukubwa wa jambo lile. Yule ni mwanamke aliyepeleka watu barazani kwa kuku mmoja, na sasa alikuwa anakaa kimya amtazame mwingine akiliwa. Nguchiro aliruka. Nilibonyeza na sikuachia. Alipoinuka kifaranga kilikuwa mdomoni, mguu mmoja mdogo wa njano unaning'inia, akageuka, akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, kisha akaondoka zake kwa njia ile ile. Nilimwonyesha mama picha ile, uso, mdomo, mguu wa njano na pengo la ua nyuma yake, naye akafumba macho akavuta pumzi ndefu.

Halafu alinyoosha kidole kuelekea kwa jirani.

Nilikwenda kwenye ua wa isale kamera ikining'inia shingoni. Jirani alikuwa anapalilia maharage. "Shikamoo, mama. Njoo umwone mwizi."

"Marahaba. Mwizi gani?" Aliegemea jembe. "Mimi sivuki hapo, mwanangu, unajua. Mama yako mwenyewe alitamka mbele ya baraza."

Nikapitisha kamera juu ya isale. Aliishika kwa mikono yenye udongo, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema subiri, akaenda ndani kuchukua miwani. Aliporudi alitazama kwa muda mrefu sana. Mbwa wake mzee alikuja akaketi karibu na mguu wake kana kwamba anasubiri hukumu.

"Nani amepiga?"

"Mimi. Lakini aliyemwotea ni mama."

Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akayafuta na macho kwa khanga ile ile. Kisha akatafuta pengo alilopitia nguchiro, akalipanua kwa jembe, akainama, akaingia.

Mama alikuwa bado ndani ya magunia. Jirani aliyafunua, wakatazamana, wale wanawake wawili ambao kwa karibu miaka miwili kila mmoja alisikia kila asubuhi mwenzake anavyokohoa.

"Mlalamikaji," jirani alisema kwa sauti ya mwenyekiti wa baraza, "una la kusema?"

"Hapana," mama alijibu.

Walicheka. Mama alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka mate yakamtoka, jirani akayafuta kwa kiganja bila kufikiri. "Mimi ninalo," alisema. "Nadai fidia. Mbwa wangu amechafuliwa jina kata nzima." Akaniuliza uji uko wapi. Nikaleta. Akaukoroga, akautazama kwa dharau, akasema huu mzito, ndiyo maana anautema, mtu wa kiharusi hupewa mwepesi, kidogo kidogo, upande ulio mzima. Akaketi kwenye kigoda changu na kuanza kumlisha. Mama alimeza. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila hata "hapana" moja. Mimi nilisimama na mikono yangu miwili, nisijue niiweke wapi.

"Wewe," mama aliita.

Nilisogea.

"Ota."

"Tumeshamwotea, Mama. Mwizi tumempata, kesi imekwisha."

"Hapana." Alisukuma kijiko pembeni taratibu. Mkono wake mzima ulinyooka, ukaigusa kamera kifuani kwangu, kisha ukapita kando yangu, ukaonyesha ukingo wa shamba, kule ambako njia inashuka kwenda Makanya, kwenye barabara, kwenye mabasi. Ukabaki umenyooka hivyo hivyo. "Wewe," alisema. "Ota."

"Anasemaje?" jirani aliuliza.

Nilikuwa naikumbuka nyumba isiyo na dari, na sauti yangu mwenyewe ikipita juu ya kuta ikimwambia kaka kwamba nitazeekea humu ndani kwa sababu ya kuku mmoja. Mama hakuushusha mkono mpaka nilipoitikia, "Ndiyo, Mama." Ndipo akamgeukia mwenzake na kufungua mdomo apewe uji.

Nikaingia ndani, nikavuta sanduku kutoka uvunguni, nikaanza kulitafuta lile koti la Hedaru.